Dawati la Apeduno

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumanne moja ya Juni mwaka 1995, dawati la mwisho karibu na dirisha la darasa la sita lilikuwa limedidimia sakafuni kiasi cha upana wa kiganja. Mwalimu Gaudencia aliliona alipogeuka kutoka ubaoni. Alipangusa chaki mikononi, akaenda nyuma, akainama na kuchunguza miguu ya dawati mmoja mmoja. Hakukuwa na mchwa. Saruji haikuwa na ufa. Ilikuwa imefunguka kuipisha ile miguu kama uji mzito unavyoupisha mwiko, kisha ikajifunga.

Watoto watatu walikalia dawati hilo. Sheilah alikaa upande wa ukutani, Austin katikati, na Apeduno upande wa njia. Upande wa njia ndio uliozama zaidi.

"Mwalimu, Apeduno anatuzamisha," alisema Austin. "Magoti yangu inaumia."

"Kaa wima."

"Nimekaa wima, mwalimu. Ni dunia ndio imekaa vibaya."

Darasa likacheka. Apeduno hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mwandiko mzuri, na nywele zake zilikuwa hazijanyolewa ingawa baba yake alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, na waliofiwa kule hunyolewa.

Hakuna aliyeshtuka. Pande zile, kati ya Malaba na Amukura, ilijulikana kwamba huzuni ya mtoto ina uzito. Mwaka ambao maradhi yaliwamaliza ng'ombe, darasa la nne zima lilizama hadi magotini, na walimu wakafundisha wakiwa wameketi chini ili watazamane na wanafunzi. Lakini siku hizo sakafu ilikuwa ya udongo, na udongo husawazishwa kwa jembe. Sakafu hii ilikuwa ya saruji. Wazazi waliifanyia harambee, na Opondo, fundi wa mawe, aliipiga niru mpaka ikang'aa.

Hilo ndilo lililomkera mwalimu mkuu, Bwana Okwara. Alisimama mlangoni wakati wa mapumziko, mikono nyuma, akilitazama dawati kama mtu anayetazama gurudumu lililopasuka.

"Afisa wa elimu anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuona hii sakafu," alisema. "Nitamwambia nini?"

"Kwamba mtoto ana mzigo."

"Basi huo mzigo ukae nyumbani kwanza, mwalimu. Ikifika Alhamisi ya wiki hiyo na dawati halijapanda, mama yake aje amchukue."

Gaudencia alijua nyumbani maana yake ni nini. Akiror, mama yake Apeduno, alikuwa amekwisha sema kwamba binti akitoka shule ataenda Osieko, kule ziwani, kwa shangazi, kukausha samaki. Wasichana waliopelekwa Osieko kukausha samaki walirudi wakiwa na watoto mgongoni, au hawakurudi. Hakuna aliyewahi kurudi darasani.

"Nipe hiyo Alhamisi," alisema Gaudencia.

Katika jambo hili hakuamini dawa wala maombi. Alizaliwa Port Victoria, akafundisha huko kabla ya kuhamishiwa huku, na kule ziwani alikuwa ameona dawati likipanda pale mtoto alipoitaja huzuni yake kwa jina lake hasa. Alikuwa pia ameona madawati yakibaki palepale mtoto aliposema tu kwamba ana huzuni sana. Alihitimisha kwamba neno pana mno halinyanyui kitu. Hakuwahi kulijaribu hitimisho hilo kwa darasa zima, na sasa alikuwa na sababu.

Siku iliyofuata aliingia na ubao ukiwa umefutwa safi. Nje, foleni ya malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda ilikuwa imefika hadi kwenye ua wa shule, na injini zilinguruma polepole ndani ya ukungu kama mifugo inayocheua. Ukungu uliingia madirishani ukakaa juu ya madawati. Watoto waliuhamisha kwa mikono kila walipotaka kuandika.

"Nimesahihisha insha zenu," alisema. "Nyote mmeandika 'nilihuzunika sana.' Aliyepoteza kalamu alihuzunika sana. Aliyezika bibi alihuzunika sana. Mtu akisoma atafikiri bibi na kalamu ni kitu kimoja."

"Inategemea bibi, mwalimu," alisema Austin.

Mwalimu aliandika ubaoni *upweke*, *simanzi*, *majuto*, *unyonge*, *jitimai*. Alieleza kila neno na mpaka wake. Simanzi hukaa kimya, alisema, na mwenye nayo hata akiulizwa hujibu kwamba hana neno. Jitimai ni kubwa, humlemea mtu hata chakula kikamshinda. Majuto hayawezi kuwapo pasipo jambo ambalo mtu amelitenda mwenyewe. Watoto walinakili.

Kulikuwa na neno moja aliloliruka, nalo ni *kihoro*, huzuni ya kufiwa. Aliliruka kwa makusudi, na darasa zima lilijua sababu bila kuambiwa. Baba yake Apeduno, Emukule, alikuwa mwendesha boda boda aliyewavusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha huku hadi cha kule. Alikamatwa na askari wa kambi iliyokuwa nyuma ya soko akiwa na gunia la sukari ya Uganda. Kesho yake ilitangazwa kwamba amejinyonga mahabusu kwa mshipi wake. Na mtu aliyejinyonga haliliwi. Haoshwi, havuliwi nguo, hazikwi ndani ya boma, na watu wa nyumba yake hawanyolewi. Kilichomnyonga huchomwa moto, na jambo huishia hapo. Kwa Wateso, wenyeji wa pande zile, ilikuwa hivyo, na kwao Gaudencia kule ziwani haikuwa mbali sana na hivyo. Kulitamka neno *kihoro* mbele ya mtoto wa mtu wa namna hiyo kungekuwa kukosa adabu.

"Elly," aliita. "Dawati lako limeinama kidogo. Kuna nini?"

Elly alikuwa mtoto wa dereva wa lori. Alisimama akakuna shingo. "Baba akitoka Kigali analeta mkate. Halafu analala. Akiamka anaenda."

"Yumo nyumbani, lakini wewe huna mtu?"

"Ndio."

"Chagua neno."

Elly alitazama ubao kwa muda. "Upweke," alisema. Dawati lake lilipanda kwa mlio wa mguu unaong'olewa matopeni, likakaa sawa. Elly akaketi, akachomoa chembe ya saruji kwenye kiatu.

Wengine wakafuata. Ikapel alikuwa na majuto, kwa kuwa alimwacha ndama wa watu akafa mtoni na mtoto mwingine akachapwa badala yake. Ajiko alikuwa na unyonge, na alipousema aliusema kwa sauti kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Madawati yalipanda moja baada ya jingine, na darasa likajaa milio ya kuchomoka. Bwana Okwara alichungulia dirishani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Apeduno alisimama mwisho. Alisoma kila neno ubaoni, kutoka juu hadi chini, kwa matamshi safi. Dawati halikusogea.

"Mwalimu," alisema Austin, safari hii bila mzaha, "kwao wanasema hiyo yake ni aibu. Hata nyanya yake anasema."

Gaudencia alifikiri. Aibu haikuwa huzuni, lakini yawezekana ilikaa karibu. "Jaribu," alisema.

"Nina aibu," alisema Apeduno.

Dawati likashuka kwa kishindo hadi kwenye kikalio. Sheilah alipiga ukelele, akakusanya vitabu vyake na kuhamia kwa Ajiko. Austin alibaki kidogo, mapaja yakiwa yamegusa sakafu, akimtazama jirani yake.

"Sasa wewe utatokea China," alimwambia. "Ukifika uniletee viatu, nambari nne."

Kisha naye akahama. Gaudencia aliligusa dawati kwa kidole. Alikuwa amejifunza jambo ambalo hakulijua, kwamba neno la uongo huongeza uzito. Na kama *aibu* lilikuwa neno la uongo, basi kuna mtu aliyempa mtoto huyu neno hilo.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Akiror. Boma lilikuwa safi, limefagiwa kwa mistari. Kaburi lilikuwa nje ya ua wa miiba, karibu na njia ya ng'ombe, bila jiwe wala maua, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kulikanyaga pembeni. Baiskeli ya Emukule iliegemea ukuta wa jikoni, kiti chake cha abiria kikiwa bado na mto wa kitambaa chekundu. Akiror alimkaribisha akiwa ameketi mkekani.

"Samahani, mwalimu, sina kiti cha kukupa. Vyote vimeingia chini. Kile kimoja kimebaki mgongo tu, tunaanika nguo."

"Mkeka unatosha, mama."

Walikunywa chai. Kuku alipita katikati yao.

"Hamjalia," alisema Gaudencia.

"Mzee wa ukoo, Omagor, alikataza. Na yeye hakukataza kwa ubaya. Ndivyo ilivyo." Akiror aliuzungusha mkono wa kikombe. "Usiku nasikia kilio kimekaa hapa, kwa koo. Nakimeza na maji."

"Ni nani aliyeuona mwili?"

"Nani amwone? Mtu kama huyo haangaliwi. Askari walimleta kwa mkokoteni jioni, amefungwa kwa blanketi. Mashemeji wakamshusha hivyo hivyo. Mzee akaomba kamba. Wakampa mshipi, akauchoma." Alimfukuza yule kuku. "Koplo wao pale kambini ni mtu wa hapa karibu. Anajua mambo yetu. Alisema, msihangaike kumfungua, mnajua mila."

Gaudencia aliweka kikombe chini. "Ni nani aliyesindikiza mkokoteni?"

"Apeduno. Nilimtuma aende akachukue baiskeli kule kambini. Akarudi akiikokota nyuma yao."

Jumatatu dawati lilikuwa limebakiza ubao wake wa juu tu, ukiwa sawa na sakafu. Apeduno alilala kifudifudi akiandika juu yake. Jumatano ubao nao ulianza kutitia, na maandishi yake yalisomeka kama yaliyo chini ya maji. Bwana Okwara alikuja akapima kwa macho.

"Ni kesho, mwalimu."

"Ninajua."

Alhamisi ukungu wa mto Malaba ulichelewa kuondoka. Gaudencia hakuandika kitu ubaoni. Alivuta kiti chake hadi nyuma ya darasa, akaketi karibu na mahali ambapo dawati lilikuwa.

"Leo sikupi neno," alimwambia Apeduno. "Neno litakuja baadaye. Niambie ulichoona siku uliyokwenda kuchukua baiskeli. Ulichoona tu. Anza mwanzo."

Apeduno alikaa kitako. Alikuwa amezama hadi kiunoni. Dereva mmoja nje alisikika akimwambia utingo wake apunguze sukari kwenye chai.

"Niliona mkokoteni," alisema. "Askari wawili walikuwa wanasukuma. Baba alikuwa ndani ya blanketi ya kambi. Mguu moja ilikuwa nje."

"Ilikuwaje?"

"Chini kwa unyayo ilikuwa imefura. Kama mkate."

Sakafu ilitoa mlio mdogo. Gaudencia hakuitazama.

"Endelea."

"Nilirudisha mguu ndani, asisikie baridi. Blanketi ikafunguka hapa." Aligusa koo lake. "Shingo ilikuwa tu sawa. Haikuwa na kitu. Halafu niliona kiunoni. Alikuwa bado amefunga suruali na mpira yake."

"Mpira gani?"

"Ya tyubu ya baiskeli. Hiyo ndio alikuwa anafunga nayo. Baba hakuwa na mshipi. Hajawahi kuwa na mshipi."

"Na ule uliochomwa?"

"Ulikuwa mpya. Chuma yake ilikuwa inang'aa."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Mzee alisema ni aibu, watoto wanyamaze."

Dawati lilikuwa limepanda hadi magotini. Saruji ilimwagika pembeni kwa ulaini, kisha ikajilaza. Gaudencia alisimama, akaenda ubaoni, akaandika neno ambalo alikuwa ameliruka.

"Hili ni kihoro," alisema. "Ni huzuni ya aliyefiwa. Nililiacha siku ile kwa sababu niliamini jambo ambalo sikulithibitisha. Tunga sentensi."

Apeduno alilisoma neno kimoyomoyo, midomo ikisogea.

"Nina kihoro cha baba yangu," alisema, "ambaye hakujinyonga."

Dawati lilichomoka kwa mlio mrefu, likasimama kwa miguu yake yote minne, likatikisika kidogo kama ng'ombe aliyetoka kwenye josho. Sakafu chini yake ilikuwa nzima, yenye kung'aa. Sheilah alirudi na vitabu vyake. Austin alikaa katikati, akaangalia miguu ya Apeduno.

"Hukuleta viatu," alisema.

"China kulikuwa kumefungwa," alisema Apeduno. Ndipo akaanza kulia, na mwalimu akawaambia wengine wafungue ukurasa unaofuata.

Alasiri hiyo, kambi ya askari nyuma ya soko ilianza kudidimia. Ilishuka taratibu, bila kupasua kioo. Ilipofika jioni ardhi ilikuwa sawa na madirisha, na askari walitoka kwa kupitia dirishani wakipokezana bunduki. Wanawake wa sokoni walihamisha nyanya zao kando kidogo, wakaendelea kuuza. Kesho yake mbuzi walikuwa wamepanda juu ya mabati kuota jua.

Siku hiyo hiyo afisa wa elimu alitembelea shule. Alitembea darasani kutoka mlangoni hadi dirishani, akapiga sakafu kwa kisigino, akamsifu Bwana Okwara. Hakuuliza habari za dawati lolote, na hakukuwa na cha kuuliza.

Jumamosi Gaudencia na Akiror walikwenda kwa mzee Omagor. Walimkuta akinoa panga. Alisikiliza mpaka mwisho, bila kukatiza. Habari alikuwa amekwisha zipata, kwa kuwa watoto wa darasa la sita walikuwa na midomo na nyumba za kwenda.

"Mzee, mshipi haukuwa wake," alisema Gaudencia.

"Najua. Hata siku ile niliuona ni mpya. Nilisikitika kuuchoma."

"Basi tunaomba ahamishiwe ndani ya boma, na watu wamlilie."

Omagor alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu, utanielewa. Tulishachoma. Kitu kikishachomwa, mtu amejinyonga. Nikisema sasa hakujinyonga, nitakuwa nimechoma nini? Na nikisema ni askari, nani atalala hapa leo?" Alimgeukia Akiror, na sauti yake ikawa ya chini. "Binti yangu, kiti chako kimepanda?"

"Kimepanda, mzee."

"Hayo ni mema. Kaa kwa kiti chako."

Kutoka hapo Gaudencia alikwenda pia mjini, kwa wakubwa wa wale askari. Aliambiwa kwamba suala la kambi linajulikana, na fundi amekwisha tafutwa.

Jioni hiyo Akiror alitoka nje ya ua, akasimama kwenye kaburi, akalia kwa sauti, akimwita Emukule kwa majina yake yote, na jina la ng'ombe aliyempenda, na jina la baiskeli. Apeduno alisimama kando yake. Kilio kilipita juu ya mashamba ya mihogo na kufika barabarani, ambako madereva walizima redio. Majirani waliwasikia. Walifunga milango yao polepole, ili isisikike kwamba imefungwa. Gaudencia alisimama upande wa pili wa kaburi mpaka giza likaingia.

Opondo ndiye aliyepewa kazi ya kambi. Alichimba mbele ya mlango, akamwaga saruji, akajenga ngazi za kushukia, akazipiga niru kama alivyoipiga sakafu ya shule. Zilipokauka alizimwagia maji na kuzisugua, akakusanya vyombo vyake.

Baada ya wiki moja, Jumatatu asubuhi, Apeduno alipokuwa akipita kwenda shule, Koplo alifika na gazeti kwapani. Alizijaribu ngazi kwa ncha ya kiatu. Alishuka, mabega yakapotea, kisha kofia, na mlango ukasikika ukifungwa kwa ndani.